Gari Jeusi, Tinti Kiasi Gani? Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu zimejaa jambo moja: magari meusi ya kifahari na giza la vioo. Tumechagua zile zinazogusa wengi na kuzifupisha. Tukisema "karatasi" tunamaanisha ile plastiki nyembamba inayobandikwa kioo kwa ndani, maana ndivyo mafundi wenyewe wanavyoiita.

Wahariri, habari za kazi. Nimeagiza Toyota Crown nyeusi kutoka Japani, ndani ngozi nyeusi. Vioo vya nyuma vimekuja na giza lake, vya mbele ni vyeupe kabisa. Fundi mmoja ananishauri nibandike asilimia 5 gari zima ili lizibe na lipoe. Mwingine anasema 35 inatosha. Nimsikilize yupi? — Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam

Nzuri, ndugu yetu, na hongera kwa gari. Fundi wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, ila wote wawili wametaja namba bila kupima kioo.

Asilimia ya tinti ni kiasi cha mwanga kinachopita. Namba ikishuka, giza linapanda: 70 ni karibu nyeupe, 5 ni usiku. Sasa kioo chenyewe nacho kinakula mwanga kabla karatasi haijabandikwa. Sheria ya Japani inataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70, ndiyo maana Crown yako imefika na vioo vyeupe upande huo. Tuchukulie kioo chako kinapitisha 75. Ukibandika karatasi ya 35, unabaki na 26, kwa sababu hapa unazidisha: asilimia 35 ya 75. Karatasi ya 50 inakuachia 37 na kitu. Ya 20 inakuachia 15. Ya 5 inakuachia chini ya 4.

Nyuma hesabu ni kali zaidi. Giza la vioo vya nyuma vya magari ya Japani limo ndani ya kioo chenyewe tangu kiwandani, si karatasi, na mara nyingi kioo hicho kinapitisha kama 20 tu. Ongeza karatasi ya 35, unabaki na 7. Ongeza ya 5, unabaki na 1. Usiku, barabara isiyo na taa, kurudi nyuma na asilimia 1 ni kurudi nyuma ukiwa umefumba macho, na kamera ya nyuma haikuonyeshi bodaboda anayekuja kwa pembeni.

Kuna jambo linalosahaulika kwa gari jeusi hasa. Jicho la mtu aliye nje halipimi mwanga, linalinganisha. Kioo kilichozungukwa na bodi nyeusi, na nyuma yake kuna viti vyeusi visivyorudisha mwanga, kinaonekana cheusi kuliko kilivyo. Karatasi ileile ya 35 kwenye gari jeupe lenye viti vya rangi ya maziwa itaonyesha abiria. Kwenye Crown yako, mtu aliyesimama hatua chache mchana ataona weusi mtupu. Kwa hiyo sura unayoitafuta umeshaipata kwa rangi ya gari. Huhitaji kuinunua tena kwa macho yako.

Na macho ndiyo hoja kuu. Vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma unaviona kupitia vioo vya milango ya mbele. Ukivitia giza vya milango, umetia giza na hivyo vya kutazamia. Gari lenye taa utaliona. Mtu anayevuka na nguo nyeusi, baiskeli, guta, hutawaona mpaka wamekaribia mno.

Pendekezo letu: milango ya mbele weka 50, na ukitaka giza zaidi usishuke chini ya 35. Milango ya nyuma na kioo cha nyuma usiongeze giza. Weka karatasi ya seramiki, yaani ile inayozuia joto bila kuhitaji giza, ya 70 kwa ajili ya joto tu, maana kioo chenye giza la kiwandani hupunguza mng'ao kuliko kinavyopunguza joto. Utabaki na 14 hivi nyuma na 37 mbele, tofauti ambayo kwenye gari jeusi haisumbui jicho. Kioo kikubwa cha mbele kisitiwe giza. Kabla hujalipa, pita ofisi ya usalama barabarani ya mkoa wako uulize kiwango wanachosimamia, kwa sababu fundi akishapokea pesa yake, atakayesimamishwa barabarani ni wewe.

Kuhusu kupoa, jibu la barua inayofuata ni lako pia.

Assalaam alaykum. Nina Range Rover nyeusi. Saa saba mchana ni tanuri. Nimeambiwa tinti ya seramiki inazuia joto asilimia 97, lakini bei ni mara nne ya ile ya kawaida. Ni kweli, au ni maneno ya biashara? — Msomaji, Nyali, Mombasa

Waalaykum salaam. Seramiki ni kitu cha kweli. Ile 97 ndiyo inayohitaji kufafanuliwa.

Nguvu ya jua inayotufikia imegawanyika takriban hivi: asilimia 3 ni mionzi ya urujuanimno, inayochakaza ngozi ya mwili na ya viti, 44 ni mwanga tunaouona, 53 ni infraredi, ambayo hatuioni ila tunaihisi. Muuzaji anaposema 97, anazungumzia hiyo infraredi peke yake, na mara nyingi imepimwa kwenye kipande kidogo chake, kwa mfano mawimbi yenye urefu kati ya nanomita 900 na 1000, ilhali infraredi ya jua inaanzia kama 780 na kuendelea hadi 2500. Karatasi inaweza kufanya vizuri sana kwenye kipande hicho na kuachia kwingine. Kwa hiyo 97 hiyo haimaanishi kwamba umebakiwa na asilimia 3 ya joto.

Namba ya kuomba ni ile inayoandikwa TSER kwenye jedwali la kiwanda. Hiyo ni jumla ya nguvu zote za jua zinazozuiwa: mwanga, infraredi na urujuanimno kwa pamoja. Linganisha karatasi mbili zenye giza sawa, yaani 50 kwa 50 au 35 kwa 35, kwa sababu karatasi nyeusi zaidi huwa na TSER kubwa kwa kukata mwanga tu. Ukiona ya 50 yenye TSER ya 50 au zaidi, hiyo ni karatasi nzuri. Ukiona TSER ya 35, unalipia rangi. Mfano wa kuonyesha kwamba giza na ubaridi ni vitu viwili: 3M wanatengeneza karatasi iitwayo Crystalline, yenye tabaka zaidi ya 200 za plastiki nyembamba mno, na ile ya 70, ambayo jicho linaiona karibu nyeupe, imeorodheshwa kuzuia nusu ya nguvu yote ya jua.

Aina za karatasi zenyewe ni hizi. Ya rangi tupu ndiyo rahisi kuliko zote. Inafyonza joto, kioo kinachemka, kisha sehemu ya joto hilo inamwagikia ndani. Rangi yake hufifia na kugeuka zambarau, na kwenye gari jeusi zambarau inaonekana toka mbali. Ya metali huakisi joto vizuri na haififii, lakini inang'aa kama kioo cha kujitazamia, sura ambayo haikai vizuri na rangi nyeusi, na inasumbua mawimbi ya redio, simu na GPS. Ya kaboni ina weusi uliotulia, haigeuki rangi, na kwa joto ni ya wastani. Ya seramiki ina chembe ndogo sana zinazozuia infraredi bila kuhitaji giza na bila kugusa mawimbi. Kwa gari jeusi tunachagua kati ya hizi mbili za mwisho. Pesa ikibana, weka seramiki milango ya mbele, mahali jua linapompiga dereva mkononi na usoni, na kaboni nyuma. Ila kwanza bandika vipande vya aina zote mbili kwenye kioo kimoja, sambamba, utoke nje juani uvitazame: wakati mwingine kimoja kinavuta kijani na kingine kahawia, na bodi nyeusi haisamehi tofauti hiyo.

Dukani watakuwashia taa ya joto na kukuambia uweke mkono nyuma ya karatasi. Taa hiyo hutoa infraredi kwa wingi na mwanga kidogo, kwa hiyo inaipendelea seramiki yoyote. Omba kipande, kishike kwenye dirisha la gari lako saa sita mchana, mkono upande wa pili. Jua ndilo utakaloishi nalo. Jaribio jingine: kwaruza upande wa gundi wa kipande hicho kwa kitambaa chenye asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Weusi ukitoka wote kwenye kitambaa, rangi imo kwenye gundi, na hiyo ni karatasi ya rangi tupu hata kama boksi limeandikwa seramiki.

Sasa tuseme ukweli kuhusu rangi ya gari. Mwaka 2011 watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory, California, walichapisha matokeo ya kulinganisha Honda Civic mbili zilizoegeshwa juani, moja nyeusi na moja ya fedha. Baada ya saa moja, hewa ndani ya ile ya fedha ilikuwa chini kwa nyuzi 5 hadi 6, na paa lake lilikuwa chini kwa karibu nyuzi 25. Joto hilo la ziada la gari jeusi linapita kwenye bati, na hakuna karatasi ya kioo itakayolizuia. Tinti itakusaidia zaidi ukiwa unaendesha: jua halikuchomi mkono, na kiyoyozi kinafika unapotaka mapema. Gari likiegeshwa kwa muda wa saa tatu Nyali bila kivuli litakuwa la moto tu, ingawa si kwa kiasi kilekile. Ngao ya kuakisi jua iliyotandazwa nyuma ya kioo kikubwa cha mbele itafanya kazi kubwa kwa pesa kidogo, maana kioo hicho ni kikubwa na kimelala kuelekea jua.

Range Rover ina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, vioo vya milango. Teremsha kioo nusu, tazama ukingo wa juu. Ukiona mstari mwembamba katikati ya unene wake, ni vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki kati yake. Hivyo tayari huzuia karibu urujuanimno yote na hupunguza kelele, na karatasi inabandikwa bila shida. La pili, paa la kioo kama unalo. Kioo chake kina giza la kiwandani na hupokea jua moja kwa moja. Karatasi inayofyonza joto inakiongezea moto, na kioo kikiwa cha moto sana katikati huku kingo zake zimefichwa kivulini, kinaweza kupasuka. Tazama kama mtengenezaji wa karatasi anaruhusu aina hiyo kwa paa. Kama hakusema, funga pazia la paa uliache hivyo.

Usishtuke ukigusa kioo chenye seramiki na kukikuta cha moto kuliko zamani. Sehemu ya joto inaishia pale badala ya kukufikia.

Tinti ya Mercedes E-Class yangu nyeusi imegeuka zambarau na kioo cha nyuma kina malengelenge. Fundi anataka kubandika mpya juu ya ile ya zamani ili asiharibu kioo. Nimruhusu? — Msomaji, Kisumu

Hapana, usimruhusu. Gundi ya zamani imeshaachia, ndiyo maana kuna malengelenge, na karatasi mpya itashikilia kitu ambacho chenyewe hakijashika. Pia giza litazidishana mpaka usione.

Tunaelewa hofu yake, hata hivyo. Kioo cha nyuma kina zile nyaya nyembamba za kahawia zinazoondoa ukungu, na kwenye magari mengi ya saluni ya Kijerumani antena ya redio nayo imechorwa humohumo. Zimepakwa juu ya kioo upande wa ndani, palepale karatasi ilipobandikwa. Wembe ukipita, zinakatika. Kazi hii inataka mashine ya mvuke. Fundi apitishe mvuke polepole mpaka gundi ilainike, anyanyue kona, avute karatasi kwa mwelekeo wa nyaya, yaani kutoka ubavu hadi ubavu, kamwe si juu kwenda chini. Gundi inayobaki ilowekwe maji ya sabuni na iondolewe kwa kitambaa au sifongo laini. Vioo vya pembeni visivyo na nyaya vinaweza kukwanguliwa kwa wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa.

Kuna njia ya zamani ya kunyunyiza amonia, kufunika kwa mfuko mweusi wa plastiki na kuliacha gari juani. Inafanya kazi, lakini mvuke wa amonia ndani ya gari lenye ngozi na mbao za urembo ni mkali kwa vifaa hivyo na kwa mapafu ya anayefanya kazi. Kwa E-Class tusingekubali.

Kabla kazi haijaanza, washa swichi ya kuondoa ukungu, gusa kioo uhakikishe kinapata moto mstari kwa mstari, fundi akiwepo. Fanya hivyo tena akimaliza. Waya mmoja ukikatika, unaweza kuunganishwa kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme, mradi pengo ni dogo na lipo wazi kabla ya karatasi mpya kuwekwa juu yake.

Nimepata karakana Lang'ata yenye sifa nzuri. Gari ni Lexus LX nyeusi, siogopi bei, naogopa kazi mbovu. Nitazame nini wakati wanafanya? — Msomaji, Nairobi

Tazama sakafu kwanza. Chumba kiwe na milango inayofungwa, bila upepo, na sakafu iwe imenyunyiziwa maji kulaza vumbi. Tinti inayobandikwa nje chini ya mwembe itakuwa na chembe ndani yake, hata kama fundi ni bingwa.

Pili, waone wanavyolilinda gari. Kubandika kunatumia maji mengi, na kwenye gari kama hilo maji ndiyo adui mkubwa kuliko wembe. Swichi za madirisha kwenye mlango, spika, skrini ya dashibodi na visanduku vya umeme vilivyo chini yake havipendi maji ya sabuni. Mataulo manene yatandazwe juu ya dashibodi yote na juu ya paneli za milango, na plastiki kwenye viti. Fundi anayeanza kupuliza maji bila taulo hata moja, msimamishe, kwa heshima.

Kisha kioo. Kioshwe kwa maji safi yenye matone machache ya shampuu ya watoto kwa lita moja. Sabuni ikizidi, gundi haishiki. Mipira ya kando ivutwe nje kidogo na uchafu uliofichwa humo usafishwe, maana kipangusio kikipita juu, uchafu huo ndio unaovutwa mpaka katikati ya karatasi. Karatasi hukatwa kwanza ikiwa juu ya kioo kwa nje, au kwa mashine yenye michoro ya gari lako. Fundi akikata moja kwa moja juu ya kioo, wembe unaweza kuacha mkwaruzo wa kudumu. Mashine inaondoa hatari hiyo. Upande wa chini iachwe ziada kama milimita 5 ipenyezwe chini ya mpira wa mlango. Upande wa juu ibaki nafasi ya milimita 1 hivi tu: ikiwa kubwa utaona mstari wa mwanga, ikikosekana kabisa ukingo utakuwa unachubuliwa na mpira kila unapofungua dirisha.

Vioo vilivyopinda, hasa cha nyuma, vinataka karatasi ifinywe kwa mashine ya hewa moto upande wa nje mpaka ichukue umbo lote, ndipo iingizwe ndani. Kioo cha nyuma kiwe kipande kimoja. Wakikuambia watakiunganisha vipande viwili vikutane kwenye waya, ondoka. Roli za kawaida zina upana wa mita 1.52, zinatosha karibu kioo chochote cha nyuma.

Pembezoni mwa vioo utaona ukanda mweusi wenye nukta nukta. Karatasi haishiki vizuri juu ya nukta, hivyo hubaki mstari wa kijivu. Fundi mzuri huukandamiza kwa mkono siku hiyo na kukuomba urudi baada ya wiki aukandamize tena. Huo mstari si uzembe wake, ukifahamu mapema hamtagombana.

Kama mtaweka karatasi nyeupe ya joto kioo cha mbele, eneo la kamera na kihisi cha mvua juu ya kioo lazima liachwe wazi. Kihisi cha mvua husoma kwa kurusha infraredi kwenye kioo na kuipokea inaporudi. Karatasi ya kuzuia infraredi ikikaa mbele yake, waipa zitapangusa kioo kikavu au zitakataa mvua ikinyesha. Kihisi cha mwanga nacho kikifunikwa kitawasha taa mchana. Magari kadhaa ya Ulaya hutoka kiwandani na kioo cha mbele chenye utando wa kuakisi joto: kitazame kwa ubavu, ukiona mng'ao wa zambarau au wekundu hafifu kinao. Hapo karatasi ya ziada haitakuongezea mengi.

Kwa gari la ukubwa wa LX, mafundi wawili makini watatumia nusu siku. Wakimaliza ndani ya saa moja, kuna hatua wameruka. Risiti iandikwe jina la mtengenezaji, namba ya karatasi na giza la kila kioo, na dhamana itaje kubadilika rangi, malengelenge na kubanduka. Soma jina kwenye boksi la roli wewe mwenyewe.

Nimeweka tinti siku tatu zilizopita. Naona ukungu na vitone vya maji ndani. Nimetapeliwa? — Msomaji, Arusha

Hapana, subiri. Maji yaliyobaki chini ya karatasi hutoka polepole kupitia karatasi yenyewe. Juani huchukua wiki moja au mbili. Msimu wa mvua na baridi ya Arusha, hata mwezi. Usitoboe vitone kwa sindano. Kinachotofautiana ni hiki: kitone cha maji ukikibonyeza kinahama au kutanuka, chembe ya vumbi ina ncha ngumu katikati na haitaondoka kamwe, na kwa chembe hiyo una haki ya kurudi kwa fundi. Chembe mbili tatu ndogo kwenye gari zima tunazikubali. Kumi kwenye kioo cha dereva hatuzikubali.

Madirisha usiyashushe kwa siku 5. Bandika utepe wa gundi juu ya swichi kama una watoto. Ukianza kusafisha, tumia maji na kitambaa laini cha maikrofaiba, na usiguse dawa ya vioo yenye amonia.

Baada ya kuweka tinti, redio inakwaruza na GPS inachelewa kuniona. — Msomaji, Dodoma

Umewekewa karatasi ya metali, au wembe umepita juu ya antena iliyochorwa kwenye kioo cha nyuma. Kutofautisha ni rahisi. Ikiwa redio peke yake ndiyo mbovu, shuku antena ya nyuma. Ikiwa redio, GPS na simu zote zimedhoofu na zinapona ukifungua madirisha, ni metali. Dawa yake ni kuibandua; hakuna marekebisho mengine.

Nataka kuingiza saluni yangu nyeusi kwenye kazi ya kubeba abiria. Tinti yake ibaki? — Msomaji, Thika

Iondoe. Kanuni za trafiki za Kenya zinakataza gari la abiria kuwa na vioo vya tinti, na uzuri wa gari hauleti msamaha.

Salamu kutoka Minneapolis. Nimenunua BMW nyeusi ya milango minne, vioo havina fremu. Hapa sheria ni 50. Nikiweka karatasi ya 50 niko salama? Na majira ya baridi je? — Msomaji, Minnesota, Marekani

Haupo salama, dada, na wengi hunaswa hapo. Minnesota inapima kioo na karatasi kwa pamoja, na inaachia asilimia 3 tu za makosa ya kipimo. Kioo cha 75 na karatasi ya 50 ni 37, umeshavunja sheria. Tafuta ya 70: utapata 52. Kwa saluni kiwango hicho ni cha vioo vya pembeni vyote na cha nyuma pia; magari ya aina ya SUV na van ndiyo yaliyoachiwa uhuru nyuma. Mwombe fundi apime kioo chako kitupu kwa kipimo cha mwanga kabla ya kukata karatasi, kwani kila kioo kina namba yake. Ndugu walioko Uingereza wana nafasi ndogo zaidi: milango ya mbele lazima ipitishe 70, na kioo kitupu kinakuwa kimeshakaribia hapo.

Baridi inachelewesha gundi. Weka tinti kabla ya Oktoba kwisha, au hakikisha karakana ina joto na gari linalala ndani siku mbili za kwanza. Nyaya za kuondoa ukungu zitafanya kazi kama kawaida, ila usiziwashe wiki ya kwanza.

Na hizo fremu. Kwenye gari lako kioo hushuka kidogo kila ukivuta mkono wa mlango, kisha hupanda ukifunga. Maana yake huwezi kusema "sitashusha madirisha siku tano" ukaendelea kutumia milango. Peleka gari siku ambayo hutalihitaji, liache limefungwa kwa saa 48 kama unaweza, na baada ya hapo tumia mlango wa dereva peke yake mpaka wiki iishe. Ukingo wa juu wa kioo kisicho na fremu uko wazi kwa macho, hivyo karatasi inafaa ipunguzwe kwa tupa laini mpaka ifuate ukingo wa kioo, si kwa wembe pekee. Kama milango ya nyuma ina pazia la kuvuta, lipanguse vumbi kwanza: mchanga ulioshikwa na kitambaa chake huchora mistari kwenye karatasi mpya siku ileile unapolivuta.